Vyeti vilivyopauka

Nina steshenari ndogo hapa Moshi, njia ya kupandia hospitali ya KCMC, na huu ni mwaka wa tisa nakaa kwenye kiti kile kile pembeni ya skana. Kazi zangu zinajulikana, kopi, kuprinti, laminesheni, picha za pasipoti saizi, kuchapa barua za madai ya mashamba, na msimu wa maombi ya vyuo usiseme, foleni inafika mpaka kwa mama anayeuza ndizi. Ila miaka hii ya karibuni kuna kazi moja imezipita zote na ndo imenifanya leo nikae niandike. Kuskani vyeti vya watu wanaoondoka.

Ukishika vyeti vya watu muda mrefu unaanza kuvijua kwa vidole. Cheti kipya bado kigumu, kimetoka kwenye bahasha ya kaki aliyopewa chuoni, ukikiweka kwenye kioo kinajikunja kwasababu siku ya mahafali kiliviringishwa na utepe. Cheti cha zamani kimelala chenyewe. Pembeni kimepauka, juu kushoto kina matundu ya pini pale kilipobanwa na barua ya ajira, kina mhuri wa wakili juu ya mhuri mwingine wa wakili, na kimoja nakumbuka kilikuwa na duara la kikombe cha chai. Mimi simuulizi mtu ana umri gani wala anafanya kazi wapi. Karatasi inaniambia.

Na nilichokuja kusema ni hiki: tunaposema wataalamu wetu wanakimbilia nje tunawatia kapu moja watu wa cheti kipya na watu wa cheti kilichopauka, wakati kuondoka kwao ni vitu viwili tofauti kabisa, na hasira zetu zote tunawamwagia wale wasiostahili.

Nianze na wa vyeti vipya maana hawa ndo wengi. Huwa hawaji kwangu kuulizia Ulaya kwanza. Wanakuja kwa ajili ya Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali. Tangazo limetoka usiku, asubuhi saa moja na nusu kabla sijamaliza kufagia wameshafika wanne watano, nesi, tabibu, mtu wa maabara, mfamasia, kila mmoja ana flashi yake shingoni. Wengine pasiwedi zao ninazo mimi kwenye daftari kwasababu simu zao zimeshaibiwa mara ngapi sijui. Kuna binti mmoja namfahamu, leseni ya uuguzi anayo, kamaliza chuo muda, anajitolea kwenye zahanati huko Pasua, wanampa nauli na chai ya saa nne, basi. Kaomba serikalini mara tatu. Mara ya tatu hata hakuniomba nimfungulie matokeo, alisimama tu pale mlangoni akaangalia uso wangu akajua.

Mtu kama huyo akija mwezi unaofuata akakuuliza "dada, hivi ile ya Ujerumani unaijua?" utamwambia nini? Utamwambia nchi inakuhitaji? Nchi anaisubiri kila siku pale kwenye kiti changu cha plastiki.

Mwaka 2017 ndo kwanza nilikuwa nafungua duka, na wengi mtakumbuka ile habari ya madaktari wa Kenya. Kenya walikuwa na mgomo mrefu, Machi mwaka ule Rais Magufuli akakubali kuwapelekea madaktari 500 kutoka hapa kwetu. Madaktari wa Kenya wenyewe wakaenda mahakamani, mpango ukasimama. Mwezi wa nne Rais akaagiza wale 258 walioomba kwenda waajiriwe hapa hapa nyumbani. Watu walishangilia na mimi nilishangilia, kuna mteja wangu mmoja alilia pale pale mbele ya printa. Ila baadae usiku nikawa nawaza, madaktari 258 walikuwepo siku zote, wamesoma, wana leseni, wapo majumbani kwao, na wodi zetu zilikuwepo siku zote na hazina watu wa kutosha. Hawakushuka kutoka mbinguni wiki ile. Kilichokosekana hakikuwa daktari, kilikosekana kiti cha daktari kwenye bajeti.

Hili wengi hawalielewi, ndugu zangu wenyewe hawalielewi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo 2030 dunia itapungukiwa wafanyakazi wa afya kama milioni 11, na pengo kubwa litakuwa kwenye nchi kama zetu. Mtu akisikia hivyo anadhani basi huku hakuna manesi. Wapo. Nawaprintia CV kila siku. Upungufu unahesabiwa wodini, na mtu ambaye hajaajiriwa hayupo wodini hata kama anakaa nyumba ya pili kutoka hospitali. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti zao kwenye afya, na mpaka leo nchi nyingi hazijafika hapo. Na huyu kijana siku akibahatika kuajiriwa, kama alisoma kwa mkopo wa serikali, asilimia 15 ya mshahara wake inakatwa kila mwezi kurudisha ule mkopo, na silaumu kukatwa, deni ni deni, wadogo zake nao wanausubiri huo mkopo. Nataka tu tukumbuke kwamba pande zote mbili ziliahidi.

Kwahiyo binti wa Pasua akienda zake mimi siwezi kusema taifa limepoteza nesi. Alikuwa bado hajapewa nafasi ya kuwa nesi wetu. Saa hizi anajifunza Kijerumani jioni, maana kule bila lugha hawawezi kukusajili kuwa nesi kamili, na huwa anakaa pale dukani anarudia maneno taratibu huku anasubiri kopi zake. Bibi yangu mzaa baba alisomeshwa na Walutheri, wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na ile imani yake na kusoma kwake herufi kulitoka kwao, nyimbo zao za Kijerumani mpaka anakufa alikuwa anaziimba. Namwangalia huyu binti nasema bibi angekuwepo angefurahi kumsahihisha, hata kama yeye mwenyewe hakujua maneno yenyewe yana maana gani.

Haya, sasa nije kwenye kile kinachoniuma.

Mwaka 2019 nilijifungua mtoto njiti. Mimba ilikuwa ina wiki thelathini, mtoto alikuwa na kilo moja na gramu mia mbili. Hospitali sitaitaja, haina kosa lolote kwenye haya ninayosema. Nilikaa kule wodi ya njiti siku arobaini na moja, na kule mama huitwi jina lako wala la mtoto, mtoto bado hana jina, mimi nilikuwa Mama Kilo Moja, baadae wakafupisha wakaniita Mama Kilo. Nilifundishwa kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, nikafundishwa kukamua maziwa kila baada ya masaa matatu na kumlisha kwa ule mpira mwembamba unaopita puani, tone tone, unanyanyua bomba la sindano juu unaacha maziwa yashuke yenyewe. Usisukume. Kila mama mgeni tulikuwa tunamwambia hivyo, usisukume.

Usiku wa siku ya tisa kanula ya mwanangu, kile kimpira kinachokaa kwenye mshipa kupitishia dawa, ilitoka. Mkono ulikuwa umevimba, dripu ikasimamishwa, na alikuwa anatakiwa apate dawa yake ya saa nane. Nesi wa zamu alikuwa msichana mdogo, nadhani hata mwaka hajamaliza kazini, akajaribu mara ya kwanza, akajaribu ya pili, mtoto akawa analia ile sauti yao ndogo kama paka wachanga, na mimi nimeshikilia ukuta. Akaweka sindano chini akaenda kumwita Sista.

Sista nitamwita hivyo hivyo tu. Ni mama wa makamo, mtu wa Machame, mfupi, anavaa yebo nyeupe, wakati ule alikuwa ameshafanya kazi ile ya watoto wachanga miaka kama saba nane. Alikuja, akanisalimia, akaosha mikono taratibu mpaka nikataka kupiga kelele. Halafu hakushika sindano. Alishika mguu wa mtoto, akaufunika wote na kiganja chake, akakaa hivyo, kimya, nadhani dakika mbili nzima, anaupasha moto tu. Kisha akatoa kitochi kidogo mfukoni akakiweka chini ya mkono wa pili wa mtoto, ule usiovimba, na ule mkono ukawaka mwekundu kama karai la mkaa ukilipulizia, na ndani yake nikaona uzi mweusi, mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Akamwambia yule msichana, "umeuona?" Msichana akasema ndiyo Sista. Akamwambia, "sasa uache. Macho yakishauona yamemaliza kazi yao, kinachobaki ni kidole." Akachukua kidole cha yule msichana, akakiweka juu ya mkono wa mwanangu, akakisogeza kidogo, akarudisha. Wakawa wananong'ona. Mara Sista akampa sindano yule msichana.

Nilikasirika sana. Nakiri. Nilijisemea mwanangu ana kilo moja, umekuja wewe unayejua, kwanini unampa huyu aliyeshindwa mara mbili? Nilitaka kusema nikashindwa, machozi tu. Sista alikuwa nyuma ya msichana, mdomo karibu na sikio lake, anasema polepole, bado, bado, lala chini zaidi, bado. Kisha akasema "sasa." Damu ikaonekana nyuma ya sindano. Iliingia.

Usiku wa kumi na tatu kanula ikatoka tena, na Sista hakuwa zamu. Yule msichana alikuja, akaosha mikono taratibu, akaufunika mguu wa mwanangu na kiganja chake. Alipata mara ya kwanza. Hapo ndo nikaelewa nilichokiona usiku ule.

Kazi ile haipo kwenye kitabu. Chuo kinakupa leseni, na leseni ni kweli na ni muhimu, lakini ile ya "bado, bado, sasa" inatoka mdomo mmoja kwenda sikio moja, saa nane usiku, na inahitaji mtu wa miaka saba nane awepo wodini wakati mtu wa mwaka mmoja ameshindwa. Ukimtoa yule wa katikati hujapunguza nesi mmoja. Umekata kamba. Wa juu wapo, wana vikao na ripoti na mafaili, wa chini wapo wanaingia kila mwaka, ila hakuna tena mtu wa kusimama nyuma ya sikio la mtu.

Mwaka 2022, mvua za masika zimeanza, saa kumi na moja jioni nafunga hesabu, Sista akaingia dukani kwangu. Sikumjua kwanza bila nguo nyeupe. Akasema "Mama Kilo! Mtoto hajambo?" Nikamwambia shikamoo Sista, hajambo, yupo chekechea, ana meno yote, anaongea mpaka watu wanachoka. Akacheka, akauliza sasa hivi ana kilo ngapi, nikamwambia kumi na tano, akafumba macho kidogo akasema Mungu ni mwema. Afu akaweka mezani folda ya plastiki ya bluu. "Naomba uniskanie hivi, kimoja kimoja, rangi, visikatwe pembeni."

Cha juu kilikuwa kile cha uuguzi. Kimepauka. Matundu ya pini mawili.

Sikusema kitu. Niliviweka kwenye kioo kimoja kimoja. Tulikaa mpaka saa mbili usiku, na jioni nyingine nyingi baada ya ile, maana hii safari ya Uingereza si ya siku moja kama watu wanavyodhani. Kuna mtihani wa Kiingereza, wanataka alama 7 kusikiliza, kusoma na kuongea, kuandika 6.5, na Sista aliukosa mara ya kwanza kwenye kuandika kwa nusu alama, hela ikaenda, akarudia. Kuna mtihani wa kwenye kompyuta. Kuna barua ya baraza la uuguzi kuthibitisha leseni. Kuna kutafuta wadhamini wa zamani ambao mmoja alishastaafu anaishi Rombo hana imeili, ikabidi nimfungulie mimi.

Watu wanasema mawakala wa Wazungu wanakuja kutuchukulia manesi. Kwa Sista haikuwa hivyo. Tanzania ipo kwenye ile orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa, ya mwaka 2023 ina nchi 55, na Uingereza wana kanuni kwamba mawakala wasije kuzoa watu kwenye nchi hizo. Kenya wao waliingia makubaliano yao na Uingereza Julai 2021, wana njia rasmi. Sisi hatuna. Lakini kanuni hiyo hiyo inaruhusu mtu kuomba mwenyewe moja kwa moja akiona tangazo, na Sista aliona tangazo, kwenye kompyuta yangu, akaomba mwenyewe, mimi ndo nilibonyeza kutuma kwasababu yeye mkono ulikuwa unatetemeka. Yaani kinga yote ile ya mataifa, kurasa na kurasa, na shimo lake lilikuwa pale kwenye meza yangu kati ya rimu ya karatasi na chupa ya gundi. Nimeliwaza hilo mara nyingi. Sijutii kubonyeza. Ila nimeliwaza.

Kwanini aliondoka? Aliniambia mambo mawili tu na hayakuwa yale niliyotegemea. La kwanza, alikuwa amekaa daraja moja la mshahara miaka mingi, kupandishwa kulichelewa, na kulipokuja malimbikizo hayakuja. La pili alilisema akiwa anaangalia pembeni: "Nimezika sana. Siyo wanaokufa kwasababu hawawezekani. Wanaokufa kwasababu ya kitu kidogo." Hakuendelea na mimi sikuuliza.

Aliomba kwanza likizo bila malipo, miaka mitatu, aende arudi. Alijibiwa achague, kazi au safari. Sijui aliyemjibu alikuwa na mzigo gani mezani kwake siku ile, labda na yeye hakuwa na mamlaka. Ila hapo ndo roho yangu inapokwama, kwasababu nasoma matangazo ya ajira kila siku na sharti lipo pale karibu kila tangazo, mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kama tayari ni mtumishi wa umma. Sista alikuwa na 38 anaondoka. Piga hesabu mwenyewe. Akikaa kule miaka minane akajifunza kila kitu, akaja na ujuzi wa mashine ambazo hapa hatujaziona, siku akishuka uwanja wa ndege wa KIA tayari ana 46, na kwenye fomu ya kuomba kazi ya wodi ile ile aliyoijenga yeye, mfumo hautamruhusu hata kufika ukurasa wa pili. Mlango wa kutokea ni mpana na wa kurudia tumeufunga sisi wenyewe, na hauhitaji mabilioni kuufungua. Ni sharti moja kwenye tangazo. Ni barua moja ya likizo.

Desemba ile tulikuwa nyumbani Kibosho kama kawaida, watu wote wamerudi, magari kutoka Dar yamejaa mpaka kwenye migomba, mbege ipo, na baba mdogo akaanza ile mada yake. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa Mwalimu Nyerere mpaka kwenye mifupa. Akatukumbusha ile hotuba ya mwaka 1964, Mwalimu aliposema aliyesomeshwa ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki kwenye kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada, na akila asirudi na msaada kwa ndugu zake huyo ni msaliti. Baba mdogo alisema neno lile msaliti kwa nguvu mpaka watoto wakaacha kucheza. Akasema nchi ilipata uhuru na madaktari kumi na mbili, Mwalimu alikuwa akirudia idadi hiyo, kumi na mbili nchi nzima, wazee wetu huku mlimani walichangia hela ya kahawa kujenga shule, KNCU, ushirika wetu wa kahawa, ipo tangu 1933, kila mbuni ulikuwa una mtoto anasoma juu yake, na leo mtu anachukua elimu hiyo anaenda kuwaosha wazee wa Ulaya.

Nilimheshimu nikamwacha amalize. Na kiukweli sehemu kubwa nakubaliana naye, ule mfano wa Mwalimu ukiusikia mara moja haukutoki. Nikamwambia, baba mdogo, huyo mtu kala chakula, kasafiri, kaleta msaada miaka kumi na moja, kila usiku. Kaleta na mwanangu huyu hapa anakimbiza kuku wako. Siku moja akaomba kijiji kimruhusu aende mbali kidogo kisha arudi, kijiji kikasema ukitoka usirudi. Hapo msaliti ni nani? Na wale wengine wa vyeti vipya, wamekula chakula wamesimama pale getini miaka mitatu wanasubiri waambiwe msaada upelekwe wapi. Baba mdogo alinyamaza muda. Akasema, "Sisi huku tumezoea mtu kuondoka. Ila anayeondoka anarudi Desemba." Nadhani alisema ukweli kuliko alivyokusudia. Sisi watu wa mlima tumejengwa na kuondoka, baba yuko Kariakoo, kaka yuko Mwanza, na kihamba, shamba la ukoo, kinakaa kinasubiri, na mwisho wa mwaka vyote vinarudi, hela, habari, na mtu mwenyewe na mikono yake. Ila huyu wa Uingereza hela ndo inarudi. Nyumba ya wazazi wake Sista Machame imeshapigwa bati jipya, nimeiona, nzuri. Watoto wake wawili walibaki na bibi mwaka mzima kabla hajaweza kuwachukua.

Aliondoka Februari 2023, tukamsindikiza KIA na Hiace, mama yake amemfungia majani ya sale, yale ya amani kwetu Wachaga, kwenye kitambaa kwenye begi la mkononi. Yule nesi msichana alikuwepo pia. Wakati huo si msichana tena sana, ana miaka minne mitano kazini. Alimshika Sista mkono hakusema kitu muda wote wa njia kutoka Bomang'ombe.

Kule alikofika, kabla ya kufaulu mtihani wao wa vitendo, alianza kama msaidizi. Aliniambia kwa simu kwamba haruhusiwi kuweka kanula mpaka apitie mafunzo yao na asainiwe fomu. Hakulalamika, alisema ndo utaratibu wao na ni mzuri, kila mtu anapitia. Mimi ndo niliyekaa na simu mkononi nikiona ule mkono mwekundu na uzi ndani yake. Miezi kadhaa mikono ile ilikuwa inatandika vitanda. Sasa hivi ameshasajiliwa, yupo daraja la tano, ambalo ndo anaanzia na nesi aliyetoka chuo kule, na mshahara wa daraja hilo bado ni mara nyingi ya alichokuwa anapata hapa.

Sasa nimalizie na kilichotokea wiki mbili zilizopita. Yule nesi, mwanafunzi wake, alikuja dukani. Moyo ulinipasuka nilipoona amebeba bahasha, nikajua tayari. Hapana. Ndani kulikuwa na karatasi tupu na simu. Kumbe miaka yote hii, akikwama usiku anamrekodia Sista ujumbe wa sauti, na Sista akipata mapumziko anajibu. Wodini wameingia wapya wanne, na yeye peke yake hawezi kuwepo zamu zote, kwahiyo alitaka nizichape zile sauti ziwe ukurasa mmoja, nipige laminesheni, abandike ukutani juu ya sinki la kunawia.

Tulikaa kama masaa mawili. Anacheza sauti, nasimamisha, nachapa. Osha mikono, usiharakishe, mtoto anasikia haraka yako. Pasha mguu au mkono moto kwanza. Tochi chini, siyo juu. Ukiuona, acha kuangalia. Ukikosa mara mbili weka chini, mwite mwenzako, siyo aibu. Sauti yake ilikuwa ile ile, nyuma yake unasikia milango ya kule inajifunga yenyewe.

Tukafika kwenye ile sehemu ya mwisho, ya kujua lini usukume. Sista anasema, "sindano ikishapita ngozi usiende, kaa. Utasikia kitu kama…" halafu ananyamaza. Kimya kirefu, mpaka nikadhani simu imekata. Anajaribu tena, "kama vile…" ananyamaza tena. Mwisho anasema, "weka kidole chako, nitakuonyesha," nadhani alisahau alipo.

Nesi akaniangalia. Nikamuuliza hapa niandike nini. Akawaza. Akasema andika tu hivyo hivyo alivyosema. Nikaandika, nikaprinti, nikapitisha kwenye mashine ya laminesheni, tukasubiri ipoe.